Mwalimu wa Kwaya Aliyenyimwa Pole

Jina lake silitaji. Hapa kwetu, nyuma ya stendi ya Mbezi Luis, ukiuliza kwa Mwalimu unaonyeshwa nyumba yenye geti la kijani, na kama ni jioni ya mazoezi huna haja hata ya kuuliza, unafuata sauti tu. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa kwaya. Shule alishastaafu kabla hatujajuana, lakini ualimu haukumtoka mwilini. Hata muuza mchicha aliyetangaza mboga zake kwa sauti ya kukwaruza aliitwa getini na kuelekezwa namna ya kuvuta pumzi.

Mimi si wa kanisani kwake. Mimi ni mama wa Kizaramo, Mwislamu, mwenyeji wa hapahapa, na kiwanja alichojengea kilikuwa cha marehemu baba yangu. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na kwa waliokulia mbali na mambo haya niseme kwamba utani wetu si kuchekeshana tu. Mtani anaingia jikoni kwako akafunua sufuria. Mtani anakuambia usoni neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja akilisema mtanuniana mwaka mzima, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ruhusa hiyo mimi na Mwalimu tulikuwa nayo, na tuliitumia vilivyo.

Mara ya kwanza nilikwenda kwake na kibakuli, nimeishiwa chumvi. Nikamwambia nashangaa, Wanyamwezi nilisikia walikuja pwani kwa miguu, mizigo ya watu vichwani, yeye imekuwaje akaja na lori. Akaniangalia juu hadi chini, akakiangalia na kibakuli. "Na nyie mmeuza pwani nzima mkale pilau kwenye ngoma," akasema, "sasa chumvi mnatuomba sie wa bara." Akanijazia kibakuli mpaka kikamwagika. Nilimpenda kuanzia hapo, na sijui kama kuna mtu mwingine niliyewahi kumpenda haraka namna hiyo.

Alikuwa mkali. Mazoezi yalifanyika barazani kwake, na saa ikifika geti linafungwa. Aliyechelewa anaimbia nje, barabarani, mbele ya wapita njia. Nimemwona kwa macho yangu mwenyekiti wa kwaya, mtu mzima mwenye kitambi na ofisi yake mjini, amesimama kwenye vumbi akiimba sauti ya tatu huku bodaboda wanampigia honi. Hakuthubutu kuacha, maana Mwalimu alikuwa ndani anasikiliza kama sauti ya tatu ya nje inakwenda pamoja na ya ndani. Maneno ya wimbo hakuyafundisha mpaka noti ziingie. Wiki nzima ni do, re, mi, fa, huku anagonga meza kwa rula. Mimi upande wa pili wa ukuta, nakuna nazi, nilizijua sauti zote nne, na mara moja mbili nimejikuta naleta uradi kwa tuni ya kwaya, Mungu anisamehe.

Lakini ukali huo ulikuwa na mapengo yake. Mwanamke aliyewanyamazisha wanaume wa sauti ya nne kwa kuinua kidole tu alikuwa anaogopa paka. Paka akikatiza barazani, mazoezi yanasimama na Mwalimu yuko juu ya kiti. Alikataza kwaya yake kula vitu vitamu kabla ya kuimba, na yeye mfukoni mwa gauni ana kashata. Mwezi wa Ramadhani hafungi, lakini kufuturu anafuturu, kila jioni, kwenye mkeka wangu, na akinikuta nimechelewesha uji ananiuliza kama nataka kuua watu waliofunga. Nilimwambia huko mbinguni ataulizwa futari za watu amekula kwa dini gani. Alisema atajibu kwamba alikula kwa utani.

Kuna jambo moja ambalo hakuwahi kulifanyia mzaha, nalo ni kuimba uongo. Si kukosea noti, maana aliyekosea noti alimrudisha mara mia bila kuchoka. Alichokichukia ni mtu kufungua mdomo na kuujaza wimbo usiomgusa. Alikuwa anasimamisha kwaya nzima na kumwuliza mtu mmoja, taratibu, "Mwanangu, hilo neno ulilolitoa sasa hivi lina nini ndani?" Na nyimbo za uponyaji, zile za kuombea wagonjwa, alizifundisha kwa sababu mchungaji alizitaka, lakini hazikumkaa. Siku moja aliniambia kupitia juu ya ukuta, "Mtani, zile nyimbo zote zinaishia pale mtu anapopona. Hakuna iliyoandikiwa siku ya pili yake." Wakati huo alikuwa mzima kabisa, na mimi nilidhani anaongea ufundi wa muziki.

Kunenepa kwake kulianzia usoni. Mtu asiyetujua inabidi aelewe kwamba huku kwetu kunenepa ni habari njema. Ukikonda, watu wanapunguza sauti ukipita. Wanakutazama mikono, wanakuulizia kwa jirani. Ukinenepa unapongezwa barabarani na watu usiowajua. Umependeza, umenawiri, maisha yamekukubali, hongera. Basi Mwalimu akapongezwa. Uso ukawa duara, unang'aa, mashavu yamejaa mpaka macho yakawa madogo. Kanisani wakamwuliza anakula nini ili na wao wale. Wanawake wa sauti ya kwanza wakamwambia kustaafu kumemfaa. Mwenyekiti wa kwaya akasema mbele za watu kwamba sasa Mwalimu anafanana na cheo chake.

Mimi pongezi sikumpa, maana si kazi ya mtani. Nilimwambia amenenepa kama gunia la mkaa lililoshindiliwa vibaya, juu limejaa na chini limesinyaa, na miguu inaonekana imebaki Tabora. Na kweli miguu ilikuwa imebaki. Mapaja yalikuwa yanapungua huku tumbo linakwenda mbele, na nyuma ya shingo palikuwa pameota nundu ndogo laini. Alicheka sana siku ile, akakaa kwenye kigoda changu cha mbuzi ya kukunia nazi ili acheke vizuri. Alipotaka kuinuka hakuweza. Alijaribu tena, akatazama magoti yake kama ya mtu mwingine, kisha akaninyoshea mikono bila kusema kitu nikamvuta.

Kuanzia hapo nikawa namwangalia. Ukimshika mkono kwa nguvu kidogo, kesho yake pana damu iliyovilia. Kidevuni zilimwota ndevu, akawa anazinyoa asubuhi mlango umefungwa, mwanamke wa umri wake, mwalimu wa watu. Halafu sauti. Ile sauti yake ya juu aliyokuwa anawaonyeshea wanawake ilianza kushuka, mwezi hadi mwezi, mpaka siku moja nikiwa jikoni nikasikia mwanaume mgeni anafundisha barazani kwake, nikachungulia, kumbe ni yeye. Kanisani walisema sauti imekomaa. Yeye alikuwa analia juu ya sauti ile, na hilo najua kwa kuwa alilia kwangu.

Ijumaa moja tulikwenda Kunduchi kununua samaki. Alikuwa amechoka kabla hata hatujafika mnadani, anatembea mchangani hatua kwa hatua amenishika bega. Wauza samaki wakamwona. "Mama tajiri, njoo kwa mwanao," "Mama mwili unasema wenyewe," kila mmoja anamvutia kwake. Mmoja akamletea ndoo iliyopinduliwa akae, akampepea na kadibodi. Akakaa pale kama mke wa waziri, jasho linamtoka, anatabasamu kwa adabu. Tulipoondoka akaniambia, "Leo nimeitwa tajiri na watu wote wale, na mie nilikuwa nawaza nitainukaje kwenye ile ndoo."

Hospitali kubwa ya mjini ndiyo iliyomwambia. Alipima presha ikawa juu, akapima sukari ikawa juu, daktari kijana akamtazama ule uso na ile shingo akampeleka kwa wakubwa wake. Alinieleza mwenyewe, kwa utaratibu, kama anafundisha. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo imekaa kama kofia, na kazi yake ni kuupa mwili homoni, kwa kiasi. Ile tezi ya kulia kwake ilikuwa imeota uvimbe, na uvimbe wenyewe haukukaa kimya kama vimbe nyingine. Ulikuwa unatengeneza homoni zilezile, mfululizo, bila mwili kuziomba. Ndizo zilizomjaza uso, zikamla mapaja, zikamtia ndevu na sauti ya mwanaume. "Kwa hiyo hongera zote zile, mtani," akasema, "zilikuwa za uvimbe."

Wakamfanyia upasuaji, wakautoa. Walimwambia ukweli wote: ulikuwa mbaya, umetoka, lakini vimbe za namna hii hurudi, kwa hiyo asikose vipimo. Alirudi nyumbani amenyooka kama fimbo. Tezi ya upande wa pili, walivyomweleza, ilikuwa imezoea kulala wakati mwenzake anafanya fujo, ikawa haijaamka, akapewa vidonge vya kumshikilia mpaka iamke. Alikonda. Uso ukashuka, shingo ikarudi, gauni zikawa zinamning'inia, anatetemeka akisimama kwa muda. Mtaa wote ukashtuka. Hapo ndipo zilipokuja pole. Walileta kuku, walileta uji wa ulezi kwenye chupa, wengine walikuja kukaa tu kimya barazani na mikono mapajani. Pole Mwalimu, pole sana, Mungu atakusaidia. Alizipokea zote. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anajisikia vibaya kuzipokea, kwa kuwa siku zile ndizo alizokuwa anapona.

Alipopata nguvu, kanisa likamfanyia ibada ya shukrani. Nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa na mtandio wangu. Desturi yao ni kwamba aliyepona anasimama mbele anatoa ushuhuda, anaeleza alivyokuwa na alivyo sasa. Mwalimu alisimama akasema mambo kama yalivyo, kwamba alikuwa na uvimbe, umeondolewa, anamshukuru Mungu na madaktari, na kwamba ameambiwa aendelee kupima kwa sababu unaweza kurudi. Hayo ya mwisho hayakusikika vizuri, maana mchungaji alikuwa ameshapokea kipaza sauti, anasema umeondoka na hautarudi, na watu wamesimama wanapiga makofi. Simu zilikuwa juu zinarekodi. Ule ushuhuda ukazunguka kwenye simu za watu mpaka Kigamboni, ukiwa umekatwa pale makofi yanapoanza.

Mchungaji si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni mtu mpole, anasalimia kila mtu, mwezi wa Ramadhani huwa ananiletea tende. Nadhani alikuwa na wagonjwa wengi mno wasiopona, akampata mmoja. Kila mwaka, mwezi wa ile ibada ya shukrani ulipofika, Mwalimu alisimamishwa tena mbele, na waumini wakawa wanawaleta jamaa zao wanaoumwa waje wamwone.

Kisha akaanza kujaa tena.

Alijua kabla ya kipimo chochote. Alikuja kwangu asubuhi, ndani ya kanga, akakaa akaniuliza, "Nitazame mtani, usinifiche. Uso umerudi?" Nilimtazama. Midomo yangu huwa haikosi neno, lakini siku ile nilikosa. Akasema basi, ameshajibiwa. Walipompima walikuta uvimbe umerudi palepale ulipotolewa na mwingine uko kwenye ini, na mapafuni pia waliona vitu ambavyo hawakuvipenda. Daktari alimwambia hakuna tena cha kukata. Kuna dawa kali ambayo wengine hupewa, haipatikani kirahisi hapa nchini, na ugonjwa ukishafika kwenye ini husaidia wachache. Wangempa za kushusha presha na sukari na za maumivu.

Na kanisani furaha ikaanza upya. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nashindwa kukaa. Walikuwa wameona amekonda, sasa wanaona mwili unarudi, mashavu yanajaa, uso unang'aa. Wakamshangilia. Kwenye mwaliko wa ushuhuda mwaka ule walisema hahitaji hata kuongea, asimame tu watu wamwone. "Ushuhuda unaonekana kwa macho," mwenyekiti wa kwaya alimwambia, akamshika mikono yote miwili kwa furaha ya kweli, na alipoiachia, vidole vyake vilikuwa vimeacha alama.

Alikwenda kwa mchungaji akamwambia. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akasema hiyo ni taarifa ya wanadamu na wao wanaikataa, na akamwomba asiitamke tena, kwa kuwa mtu hupata anachokitamka. Akamwombea kwa muda mrefu. Mwalimu alisema alikuwa ameshika kiti kwa mikono yote, si kwa imani, ni kwa ajili ya mapaja.

Basi akaamua kuwaambia kwaya. Nilikuwa ukutani. Aliwasimamisha katikati ya wimbo kwa rula, kama alivyozoea, wakanyamaza wakingoja kusahihishwa. Akasema kwa ile sauti nzito, "Ugonjwa wangu umerudi. Madaktari hawana tena la kufanya. Nataka mjue, nyie ni watu wangu." Kisha binti mmoja wa sauti ya pili akasema tunakataa kwa jina la Yesu, wote wakaitikia amina, na mwenyekiti akaanzisha wimbo wa uponyaji. Wakauimba wote, kwa sauti zote nne, wamemzunguka.

Jioni alikuja kwangu, akakataa chai. Hakuwa analia, alikuwa amekasirika nisivyowahi kumwona.

"Waliimba vizuri, mtani," akasema. "Kila mtu yuko mahali pake. Hata yule wa sauti ya tatu anayepandaga, leo hakupanda. Sikuwa na pa kuwasimamisha."

"Ungewaambia waache."

"Niwaambie nini? Wanaimba kwa moyo. Nimewafundisha mwenyewe."

Baada ya hapo hakujaribu tena kwa maneno. Dukani wakimwambia hongera Mwalimu, umependeza, anasema asante. Jirani akimwuliza siri ya ngozi ile, anasema maji mengi. Kadiri alivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kupongezwa, na mimi nilikuwa natembea naye nikiwa na hamu ya kumzaba mtu kibao. Mifupa ilianza kumuuma. Akikohoa kwa nguvu mbavu zinamchoma siku nzima. Usingizi haukuwapo. Mimi nilimpa pole kila siku, na siku moja alinikatiza.

"Ya kwako haitoshi," akasema. "Usinielewe vibaya. Wewe mtani, kazi yako kunicheka, na umenicheka vizuri. Mie nataka ya kwao. Nataka mtu wa kwaya aje hapa akae, aseme pole Mwalimu, unakufa. Basi. Halafu tunyamaze wote. Nikipata hiyo mie naenda."

Niseme wazi kwamba hakuna kitu kingine alichokitaka. Hakuomba muujiza, hakuomba dawa ya kule nje. Alitaka watu aliowafundisha kuimba wamruhusu kuumwa.

Mwanawe aliye Mwanza alipiga simu, wakakubaliana aende Tabora kwa dada yake, akae na ndugu. Kwaya wakaambiwa anakwenda kupumzika, na wakaona ni wazo zuri. Siku chache kabla ya safari tuliketi kwangu, akaniuliza kama kweli Wazaramo bado wanafanya ule utani wa msibani. Nikamwambia tunafanya. Mtu akifa, mtani wake anakuja msibani, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waombolezaji, alivyotembea na alivyosema, na hakuna anayeweza kumzuia wala kumnunia, hata akisema ya aibu. Wanamtuza pesa ili anyamaze, ndiyo mwisho wake.

"Basi mie utaniigiza mgonjwa," akasema. "Uwaambie uvimbe ulirudi. Wewe hawawezi kukukatalia kwa jina la mtu."

"Unakwenda kuzikwa Tabora, mtani. Nitakufikiaje?"

"Basi fanya kabla. Fanya siku ya stendi, wote watakuwepo."

Nilimwambia haijawahi kufanyika kwa mtu aliye hai. Akasema yeye ameshafanyiwa sherehe ya kupona akiwa mgonjwa, hilo nalo lilikuwa halijawahi kufanyika.

Walikuwepo kweli. Kulikuwa kumeshakucha, mabasi ya bara yamepangwa, wapiga debe wanaita Dodoma, Singida, Tabora. Kwaya nzima ilikuja na sare za vitenge vya bluu, mchungaji na mkewe wamekuja, na watu wa stendi wakasimama kutazama maana walianza kuimba palepale. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, amevalishwa vizuri, uso mkubwa unang'aa kwa mafuta. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi. Alisema mwenyeji wa Tabora atashangaa, ataona ametumiwa mtu amenawiri kuliko alivyoondoka. Wakapiga makofi. Wakaanza kupita kumshika mkono, mmoja mmoja, hongera Mwalimu, hongera, utarudi kwa tamasha la kwaya.

Aliniangalia. Sikuwa na njia ya kukwepa yale macho.

Nikamvua kilemba chake nikajifunga mimi. Nikachukua miwani yake na mkoba wake. Nikakaa kwenye benchi jingine mbele yao, nikatanua miguu kama mtu asiyeiamini, nikashika benchi kwa mikono miwili nikajaribu kuinuka, nikashindwa, nikajaribu tena. Wakaanza kutabasamu, wananijua. Nilipofanikiwa kusimama nilishika mbavu, nikavuta pumzi fupi fupi, nikawaonyesha mikono, hapa pamevilia, na hapa, na hapa ni ulipoishika wewe mwenyekiti. Nikagonga mkoba kama anavyogonga rula. Nikasema kwa sauti yake, ile nzito, na Mungu anajua sikuwa naongeza kitu.

"Nyamazeni. Uvimbe umerudi. Uko kwenye ini na kwenye mapafu. Ninaumwa, na sitarudi hapa. Nimewafundisha miaka yote hii msiimbe uongo. Nipeni pole yangu niondoke nayo."

Pakawa kimya. Naapa palikuwa kimya, hata wapiga debe sikuwasikia, na nilimwona binti wa sauti ya pili mkono umekwenda mdomoni. Nilidhani imepatikana.

Kisha mtu nyuma akacheka. Sijui ni nani. Wakacheka wote, mchungaji naye, mkewe ameinama ameshika magoti, na abiria waliosimama kutazama wakacheka pamoja nao. "Watani hawa jamani," nilisikia, "wameipatia mpaka sauti." Mwenyekiti wa kwaya alikuja anajifuta machozi, akatoa pesa mfukoni akanichomekea kwenye kilemba. "Mama wa Kizaramo wewe," akasema, "yaani wewe utatuua." Na wengine wakafuata, kila mmoja na chake, ninyamaze.

Nilirudi kwa Mwalimu nimejaa pesa kichwani. Nikamrudishia miwani, nikaanza kufungua kilemba nimrudishie. Hakuwa anacheka, wala hakuwa na hasira. Alinirekebisha kola ya gauni kama mtoto anayekwenda shule. "Ulikuwa sawa," akasema. "Kila kitu kilikuwa sawa, mtani. Sasa niache nipande."

Vijana wawili wa sauti ya nne walimbeba mpaka kwenye kiti, wakitaniana juu ya uzito wake. Alikaa dirishani. Kwaya wakasogea chini ya dirisha, mikono juu, wanamwambia hongera, safari njema, hongera Mwalimu. Nami nilikuwa nyuma yao na kile kilemba mkononi, nikamsikia akiwajibu mmoja baada ya mwingine, asante, asante mwanangu, asante, hakumruka hata mmoja, mpaka basi lilipotoka.